Jalada Ndilo Linalokwenda Mahakamani



Palikuwa na mama mmoja nchini humu Marekani aliyekuwa akiendesha lifti. Nasema zile lifti za zamani, zenye mtu ndani anayefunga mlango na kukuuliza unakwenda ghorofa ya ngapi. Agosti 1995 kazi yake ikafutwa. Juni 1996, akiwa na umri wa miaka 53, moyo mgonjwa, mishipa ya fahamu ya shingo na kiuno ikimsumbua, akaomba mafao ya ulemavu. Akaambiwa kwamba nguvu alizobaki nazo zinamtosha kuendesha lifti, kwa hiyo mafao hapati. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kazi hiyo haipatikani tena kwa idadi ya maana. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilimwelewa. Novemba 2003 Mahakama ya Juu haikumwelewa, na majaji wote walikubaliana. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba sheria inauliza kama mtu anaweza kufanya kazi yake ya zamani, na haiulizi kama kazi hiyo bado ipo.

Wengine mnacheka. Hata mimi nilicheka niliposoma mara ya kwanza, kisha nikaisoma tena sheria yenyewe na kuona Scalia alivyofika hapo. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wetu tunaingia katika shauri la namna hii tukidhani swali ni kama mtu anaumwa au haumwi. Mama yule alikuwa anaumwa, na hakuna aliyelipinga hilo. Alishindwa kwa swali jingine kabisa, na leo nataka kuzungumzia hayo maswali mengine.

Idara ambayo sisi sote tunaiita Social Security ina milango miwili ya ulemavu. Wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1956, wakati wa Rais Eisenhower, na ni bima: aliyefanya kazi na kukatwa kodi kwa miaka ya kutosha anadai alichochangia. Wa pili, unaoitwa SSI, sheria yake ilipitishwa mwaka 1972 na malipo yakaanza Januari 1974. Huo ni wa wasio na kitu. Huruhusiwi kuwa na akiba ya zaidi ya dola 2,000 ukiwa peke yako, au 3,000 mkiwa mke na mume, na viwango hivyo havijapandishwa tangu mwaka 1989. Mkimbizi ambaye hajapata uraia hupewa SSI kwa miaka saba tu. Lakini tafsiri ya ulemavu kwa mtu mzima ni ile ile katika milango yote miwili: uwe na maradhi yanayothibitika kitabibu, yawe yamedumu au yatarajiwe kudumu miezi 12 au kukuua, na yakuzuie kufanya kazi yoyote ya kipato cha maana. Mwaka 2025 kipato hicho kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa mtu asiye kipofu. Kazi yoyote, ndugu zangu. Siyo ile ya kusimama saa nane kwenye kiwanda cha nyama tu.

Ukikataliwa, unapanda ngazi. Kwanza unaomba uamuzi uangaliwe upya. Wakikataa, unakwenda mbele ya jaji wa Idara. Akikataa, unaandikia Baraza la Rufaa la Idara. Baraza likikataa, ndipo mlango wa mahakama unafunguka. Kila ngazi ina siku 60 tangu ulipopokea barua, na Idara huchukulia kwamba uliipokea siku tano baada ya tarehe iliyochapwa juu yake. Yule jaji wa ngazi ya pili ni mwajiriwa wa Idara hiyo hiyo. Wengi wao ni watu waadilifu wenye mafaili mengi mno, lakini msimchanganye na jaji wa mahakama. Mtu anaponiambia, "Mwalimu, nilishaenda kortini nikashindwa," mara nyingi hajafika kortini kamwe. Alifika kwa jaji wa Idara, akakata tamaa.

Sasa twende kortini kwenyewe. Kwa sisi wa Louisville ni jengo la Gene Snyder, pale Broadway. Watu hujiandaa kwenda huko kama wanavyojiandaa kwenda barazani: mzee anachukua fimbo yake, anavaa koti, anatafuta majirani wawili watakaosema jinsi alivyokuwa na nguvu zamani. Hakuna atakayewasikiliza. Hakuna mashahidi, hakuna wazee wa baraza, na katika mashauri mengi hata kikao hakuna. Idara inapeleka nakala iliyothibitishwa ya jalada zima: fomu zako, rekodi za kliniki na hospitali, maandishi ya yale uliyosema mbele ya jaji wao, na uamuzi wake. Wakili wako anaandika hoja, wakili wa serikali anajibu, jaji anasoma. Mgonjwa yuko nyumbani kwake. Jalada ndilo linalokwenda mahakamani.

Na anaposoma, jaji huyo hajiulizi kama angekupa mafao lau uamuzi ungekuwa wake. Anajiuliza mambo mawili tu. Je, jaji wa Idara alifuata sheria? Na je, uamuzi wake umesimama juu ya ushahidi wa maana? Kipimo cha ushahidi wa maana ni cha chini kuliko mnavyofikiri. Katika kesi ya Richardson dhidi ya Perales, mwaka 1971, dereva wa lori wa San Antonio aliyeumia mgongo alikuwa na daktari wake aliyekuja kumtetea mwenyewe, na Idara ilikuwa na ripoti za madaktari ambao hawakufika kuulizwa maswali. Mahakama ya Juu ilisema ripoti hizo zilizoandikwa zinatosha, kwani mdai hakuomba madaktari hao waitwe. Mwaka 2019, katika kesi ya Biestek, mtaalamu wa ajira alitaja idadi ya kazi ambazo fundi seremala wa Michigan angeweza kuzifanya, kisha akakataa kuonyesha takwimu alizozitumia. Majaji sita kwa watatu walisema kukataa kwake peke yake hakuufanyi ushahidi wake kuwa batili. Mimi nilikuwa upande wa wale watatu, lakini sheria imekaa hivyo.

Kwa kipimo hicho mngetarajia Idara ishinde karibu kila mara. Lakini kwa miaka mingi, karibu nusu ya mashauri yanayofika mahakama za wilaya yamekuwa yakirudishwa kwa Idara ili yasikilizwe upya, ingawa wilaya hutofautiana sana. Sababu ni kwamba jaji wa Idara anatakiwa kueleza. Akimkataa daktari wako, aseme kwa nini. Akisema unaweza kusimama saa sita kwa siku, aonyeshe ameyatoa wapi hayo. Majaji wa Mahakama ya Rufaa ya Chicago hudai daraja la mantiki kati ya ushahidi na hitimisho. Daraja likikosekana, shauri linarudi, hata kama hitimisho lenyewe huenda lilikuwa sahihi. Katika mahakama hii mnyonge hushinda kwa sababu mwenye nguvu hakueleza vizuri, mara nyingi zaidi kuliko kwa sababu mnyonge ameaminiwa.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa jalada linaandikwa na watu wengi, na mmoja wao ni wewe, pengine bila kujua.

Tumelelewa tusilalamike. Daktari anaingia, anauliza hali, mzee anajibu kwamba ni nzuri, anamshukuru Mungu. Ndivyo mtu mwenye heshima zake anavyojibu. Baada ya salamu, kwa utaratibu, ndipo angefika kwenye goti. Lakini daktari ana dakika kumi na tano, mkalimani yuko kwenye simu, na jibu la kwanza limeshachapwa: mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Miaka miwili baadaye wakili wa serikali analinukuu sentensi hiyo, na hakudanganya. Imo. Vivyo hivyo jaji wa Idara anapouliza, "Unaweza kubeba nini?" mama anasema anajitahidi, anajikaza. Kwetu sisi hilo linamaanisha siwezi, lakini sitaki kuwa mzigo. Kwa Kiingereza cha mkalimani linasomeka kuwa anaweza. Afadhali aseme kwamba akinyanyua galoni moja ya maziwa hadi mezani, mkono unakufa ganzi. Kwamba husimama mara tatu kabla ya kumaliza kuosha vyombo. Kwamba siku nne katika wiki hatoki kitandani kabla ya saa sita mchana. Huko siyo kulalamika. Ni kutoa hesabu.

Na kwa habari ya wakalimani: Idara inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Msimpeleke mtoto wa darasa la saba kutafsiri maradhi ya mama yake. Mjue pia kwamba Kiswahili cha Bukavu na cha Zanzibar si kimoja, na mkalimani atakayepangwa huenda amezaliwa pwani. Usipomwelewa, sema pale pale kwamba hujaelewa, useme kwa sauti, ili iingie katika kumbukumbu. Maandishi ya kikao hubeba Kiingereza cha mkalimani. Kama "uchungu wa mgongo" umegeuzwa "uchovu," jaji wa mahakama atausoma uchovu.

Halafu kuna ile fomu inayouliza siku yako unaipitishaje. Mtu anaandika: napika, nafua, nakwenda kanisani. Jaji wa Idara anajumlisha: mtu huyu anaweza kufanya kazi. Richard Posner, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa kule Chicago, aliwakemea majaji wa Idara kwa hesabu hiyo katika hukumu ya mwaka 2012. Nyumbani unapumzika unapotaka, mtu anakusaidia, na hakuna msimamizi wa kukupima. Kazini hakuna hata moja kati ya hayo. Hukumu hiyo imewasaidia wengi. Hata hivyo, ukiandika kwamba unapika, ongeza unapikaje, mara ngapi, umekaa au umesimama, na nani anainua sufuria.

Kazi zenyewe ambazo tunaambiwa tunaziweza zinatoka wapi? Kutoka katika kamusi ya kazi ya Wizara ya Kazi ambayo haijafanyiwa marekebisho tangu mwaka 1991, na sehemu kubwa ya maelezo yake ni ya mwaka 1977. Kwa miaka mingi wagonjwa walikataliwa kwa maelezo kwamba wanaweza kuchagua njugu, kukagua vijiti vya mbao, au kuandika anwani juu ya bahasha kwa mkono au taipureta. Juni 2024 hatimaye Idara ilitangaza kwamba itaacha kutumia kazi zaidi ya mia moja za orodha hiyo. Aliyekataliwa kwa kazi za namna hiyo ana jambo la kumwuliza wakili wake.

Tena lipo badiliko ambalo liligusa jamii yetu moja kwa moja na halikutangazwa katika makanisa wala misikiti yetu. Hadi mwaka 2020, kutojua Kiingereza kulihesabiwa katika kupima kama mtu wa makamo anaweza kupata kazi nyingine. Tangu Aprili 27, 2020 kigezo hicho kimeondolewa. Kinachotazamwa sasa ni kama unajua kusoma na kuandika katika lugha yoyote. Mama wa miaka 47 kutoka Uvira, anayesoma Biblia yake ya Kiswahili vizuri na hajui neno la Kiingereza, kwa kipengele hiki anahesabiwa kama msomi mwenzangu. Sisemi afiche kwamba anajua kusoma. Asije akafanya hivyo! Nasema asitegemee hoja ambayo mjomba wake aliitumia mwaka 2015 akafanikiwa.

Kwa kuwa tuko Kentucky, siwezi kumpita Eric Conn. Alikuwa wakili wa mashauri haya kule Stanville, mashariki mwa jimbo hili, mtu wa mabango makubwa barabarani. Wateja walimpenda kwa sababu walishinda. Walikuwa hawajui kwamba alikuwa akimhonga jaji wa Idara wa Huntington, David Daugherty, na kwamba ripoti za kitabibu zilikuwa zimekwisha kujazwa kabla madaktari hawajaweka saini. Mwaka 2017 Conn alikiri makosa, akakata kifaa cha kumfuatilia kilichofungwa mguuni, akatoroka, akakamatwa Honduras mwezi Desemba. Lakini kwangu mimi habari kubwa ni ya wateja. Mwaka 2015 Idara iliwaandikia zaidi ya watu elfu moja wa eneo lile kwamba mashauri yao yatapimwa upya, na ripoti za madaktari wale zitatupwa zote kwa kushukiwa udanganyifu. Mteja hakuruhusiwa kuonyesha kwamba ripoti yake yeye haikuwa ya uongo. Alitakiwa athibitishe alivyokuwa anaumwa miaka mingi nyuma, wakati kliniki nyingine zimefungwa na rekodi zimechanwa.

Wakili mmoja wa Prestonsburg, Ned Pillersdorf, alikusanya mawakili wa kujitolea, na mashauri yakapanda hadi Mahakama ya Rufaa ya Cincinnati, ambayo ndiyo yetu. Novemba 2018 mahakama hiyo ilisema Idara imevunja Katiba: huwezi kumnyima mtu mafao kwa tuhuma ambayo humpi nafasi ya kuijibu. Angalieni kilichoamuliwa. Haikusemwa kwamba watu wale ni walemavu, ila kwamba walinyimwa haki ya kusikilizwa. Na funzo kwetu ni kutunza karatasi zetu wenyewe, hata katika maboksi chini ya vitanda, bila kumwachia wakili kila kitu.

Mambo ya utaratibu nitayapitia upesi. Tangu Desemba 2022 zipo kanuni maalumu za mashauri haya, nazo zimerahisisha mlango. Hati ya madai inaweza kuwa fupi: unataja kwamba unapinga uamuzi wa mwisho wa Idara, ni uamuzi upi, wewe ni nani, unaishi kaunti gani, na ulidai mafao ya aina gani. Fomu inapatikana masjala ya mahakama. Ada ni dola 405, na asiye nayo anaomba kusamehewa. Kwa mtu wa SSI maombi hayo hukubaliwa mara nyingi. Jalada likishawasilishwa una siku 30 za kuleta hoja, serikali ina 30 za kujibu, nawe una 14 za kumalizia. Siku zile 60 za kufungua shauri zikikupita, Baraza la Rufaa linaweza kukuongezea muda ukiwa na sababu nzuri, lakini msiijengee nyumba sababu hiyo.

Wakili halipwi mbele. Ukishinda, mahakama inaweza kumpa hadi asilimia 25 ya malimbikizo yako, na kuna sheria ya mwaka 1980 inayoiwezesha serikali kulipa gharama ikiwa msimamo wake haukuwa na msingi wa kutosha. Kwa sababu hiyo wakili huchagua: akilikataa shauri lako hajasema huumwi, amesoma jalada akaona halina pa kushika. Mpelekee wa pili. Ukilazimika kwenda mwenyewe, usiandike jinsi unavyoteseka. Andika ukurasa fulani wa jalada unasema hivi, na uamuzi haukuutaja.

Ushahidi mpya, kwa kawaida, haupokelewi. Sheria ina sentensi yake moja, ambayo mawakili huiita sentensi ya sita, inayoruhusu shauri lirudishwe kwa ajili ya ushahidi mpya, uwe wa uzito, na uwe na sababu nzuri ya kutoletwa mapema. Picha ya MRI iliyopigwa mwezi uliopita haitoshi kwa upya wake tu. Itaulizwa inasema nini kuhusu kipindi ambacho jaji wa Idara alikiamua.

Na ukishinda, umeshinda nini? Mara chache sana jaji wa mahakama anaagiza ulipwe. Mara nyingi anatumia sentensi ya nne ya sheria hiyo hiyo kulirudisha shauri, nalo huenda kwa jaji yule yule aliyekukatalia, aandike tena. Wapo wanaokasirika wakisikia hivyo, na wapo wanaoacha kwenda kliniki tangu siku walipofungua shauri, wakidhani kazi imebaki kwa wakili. Wanajiumiza. Shauri likirudishwa, jalada linafunguliwa upya na rekodi za miezi yote ile mliyokuwa mkingoja zinaingia. Mwenye pengo la mwaka mzima ataulizwa kama alipona. Wakati shauri liko mahakamani unaruhusiwa pia kuwasilisha ombi jipya kwa Idara, kwa kipindi kinachoanza baada ya uamuzi wa zamani. Mtu aliyefikisha miaka 50 au 55 katikati ya kungoja anapimwa kwa kanuni zilizo nafuu zaidi, na nimeona ombi jipya likikubaliwa huku la zamani bado linabishaniwa. Kwa hiyo wenye barua za Baraza la Rufaa mifukoni, nitakaa pale meza ya nyuma. Nitakachotazama kwanza ni tarehe.